Nyumba Moja, Funguo Mbili

Ufunguo uliingia, ukazunguka, na mlango ukafunguka.

Ndio mlango uleule tuliouacha ukitikisika wiki jana, Yvette akiwa amesimama ndani, sufuria mkononi, roho juu. Alikuwa ameambiwa ufunguo wa nyumba hii ni mmoja tu, na huo mmoja ulikuwa mfukoni mwake.

Aliyeingia hakuwa mwizi. Mwizi haji amevaa viatu vya visigino.

Alikuwa mwanamke mrefu, nywele fupi, miwani ameipandisha kichwani, begi la kompyuta begani. Nyuma yake, barabarani, bakki, gari dogo la mizigo, ilikuwa imesimama na kitanda juu yake, godoro, friji na maboksi ya vitabu.

"Wewe ni nani?" akauliza. "Na unafanya nini ndani ya nyumba yangu?"

"Nyumba ya nani?"

"Yangu. Hebu weka hiyo sufuria chini tuongee kama watu."

"Sufuria yangu naiweka nikipenda. Nimeingia hapa jana. Mimi niko na ufunguo!"

"Na hii niliyoshika ni nini? Kijiko?"

Kama ndiyo kwanza unalifungua gazeti hili, jua tu kwamba Yvette ni Mkongo wa Uvira, msusi wa nywele, na kwamba kwa miaka mingi yeye na mumewe Apollinaire walikuwa wakilala mtaa wa Albert Park, chumba kimoja kilichokatwa kwa mapazia, familia tatu humo ndani. Nyumba hii ilikuwa mwisho wa mapazia. Iko katikati kabisa ya Durban ya zamani, mtaa wa wafanyabiashara wa Kihindi wa enzi zile, karibu na msikiti na soko la viungo. Veranda yake ni ya chuma kilichofumwa kama lesi. Sakafu ni ya mbao, inalia ukiikanyaga. Na chini, mbele, kuna chumba kikubwa chenye dirisha linalotazama barabara. Saluni chini, kulala juu. Ndiyo ndoto yote.

Sasa ndoto ilikuwa imeingiliwa na mtu mwenye kitanda.

Apollinaire alishuka ngazi amekumbatia kikausha nywele kama mtoto mchanga. "Kuna nini?"

"Kuna huyu madame. Anasema nyumba ni ya kwake."

"Naitwa Kemunto," yule mwanamke alisema. "Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu. Mkataba nimesaini, pesa nimelipa, na asubuhi hii nimetoka kwa flati yangu Overport. Walioipanga baada yangu walikuwa wanapandisha viti nikiwa bado nateremsha vyangu. Sina pa kurudi. Kwa hivyo naomba mtoe vitu vyenu."

"Na sisi tunarudi wapi?" Yvette akauliza.

"Hiyo mtajua wenyewe."

Alitoa mkataba, akaukunjua. Ulikuwa na saini, tarehe, kila kitu. Aliyempangisha aliitwa Estella.

"Na wako uko wapi?" Kemunto akauliza.

Yvette hakuwa na mkataba wenye jina lake. Madalali wote wa mjini walikuwa wameitazama karatasi yake ya ukimbizi na kutikisa kichwa. Aliyemwokoa ni dada yake mkubwa, Antoinette, mwenye karatasi za kudumu za nchi hii. Antoinette ndiye aliyemsainia.

"Mkataba uko kwa yaya wangu," alisema, maana kwao dada mkubwa huitwa yaya.

"Aha. Kwa yaya."

Yvette alipiga simu, akaweka sauti wazi ili adui asikie.

"Yaya Antoinette! Iko mwanamke hapa na ufunguo. Anasema tutoke!"

"Mon Dieu!" sauti ikalia. "Sikiliza mimi, mdogo wangu. Usitoke. Hata akuje na nani, usitoke. Huyo ni tapeli. Ukitoka, hutarudi ndani tena."

Simu ikakatika. Yvette akamtazama Kemunto. Kemunto akageuka, akamwita dereva wa bakki.

"Teremsha kitanda. Weka hapa mbele."

Hapa mbele! Katika chumba cha saluni!

"Hapo ni pa saluni!" Yvette akapiga kelele.

"Hapa ni pa mama yangu. Anakuja kutoka Kisii wiki ijayo kutibiwa nyonga. Hawezi kupanda ngazi. Nyumba hii niliichukua kwa sababu ya chumba hiki."

"Mimi pia!"

Kitanda kiliingia. Yvette alileta viti vyake viwili vya saluni akavipanga kukizunguka kitanda hicho, kimoja kichwani na kimoja miguuni. Akaketi kwenye kimojawapo. Kemunto aliketi kitandani. Wakatazamana hivyo mpaka dereva wa bakki aliposema eish, mimi naenda, akaenda.

Vita vikaanza.

Yvette alipika samaki wakavu na sombe, yale majani ya muhogo, akaacha mlango wa jikoni wazi makusudi. Kemunto alinunua umeme wa mita, akauzima juu na kuuacha chini, akisema asiyelipa asione. Yvette akaimba nyimbo za kwaya alfajiri, sauti ya kwanza na ya pili peke yake. Kemunto akafungua redio.

Halafu, siku Yvette na Apollinaire walipokwenda Sydenham kumsuka bibi harusi na dada zake, Kemunto akaita fundi wa vitasa. Waliporudi, ufunguo wa Yvette haukuingia hata nusu.

"Fungua!"

"Nani?"

"Unajua nani!"

"Simjui mtu. Natayarisha mtihani."

Apollinaire akavua viatu, akapanda ile lesi ya chuma ya veranda, watu wa barabarani wakimshangilia. Suruali ilichanika kutoka mfukoni mpaka gotini, lakini alipita dirishani, akashuka ngazi, akamfungulia mkewe kutoka ndani.

Yvette aliingia chumba cha mbele, akabeba boksi la vitabu, akalitoa nje. Akarudi, akabeba jingine. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Wee! Hizo ni kazi za wanafunzi wangu!" Kemunto alikimbia akalikumbatia boksi mvuani. "Aki nyinyi ni watu wa aina gani? Mmezoea kulala kumi chumba kimoja, sasa mkiona nyumba mnaona ni ya kuvamia!"

Maneno hayo yalimpata Yvette pale pale yalipolengwa.

"Na wewe umezoea nini?" alijibu. "Kama kwenu ni kuzuri, unafanya nini hapa kufundisha batoto ya wengine? Sisi vita ilitufukuza. Wewe nani alikufukuza?"

Ng'ambo ya barabara, mama mwenye duka la simu alitoka mlangoni, akaweka mikono kiunoni, akawapigia kelele kwa Kiingereza cha Durban, maana yake ikiwa hii: nyinyi wageni, wote wawili, nyamazeni au rudini mlikotoka!

Wote wawili! Miaka yote ya Durban, na digrii zote zile, hakuna aliyewahi kumtia Kemunto kapu moja na mkimbizi.

Aliokota vitabu vyake vilivyolowa akaingia ndani. Yvette naye hakumsaidia. Usidhani mvua iliwapatanisha. Jioni ile walikuwa wanagombania sabuni.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mambo yanapogeuka.

Alhamisi, Antoinette alipiga simu. "Mdogo wangu, nakuja kukutia moyo. Huyo tapeli yuko?"

"Amekwenda kazi," Yvette alijibu, kwa sababu alikuwa ameusikia mlango ukifungwa asubuhi.

Baada ya saa sita mchana Antoinette aliingia, kitenge cha kijani, kilemba kirefu, hotpot ya bugali na nyama ya mbuzi mkononi. Alimkumbatia mdogo wake, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Umekonda! Wanakutesa, mtoto wa mama. Lakini vumilia. Mungu haachi watu wake."

"Yaya, nimechoka. Labda tuondoke tu."

"Usiondoke! Ukiondoka umeshindwa. Kama anakusukuma, na wewe msukume. Kama anapiga, piga."

"Nipige?"

"Basi, si kupiga sana."

Apollinaire alikuwa amesimama karibu na ngazi. Alimsalimu shemeji yake bila kumtazama, akasema anaenda jikoni kunywa maji.

Antoinette alifumba macho, akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Yvette, akaanza kuomba. Aliomba kwa nguvu. Aliomba adui wa nyumba hii atawanyike kama moshi.

Mlango wa bafu ukafunguka.

Kemunto alitoka amefunga taulo kichwani. Hakuwa amekwenda kazini. Alikuwa ametoka asubuhi kununua maziwa tu, akarudi kupitia nyuma.

Alimwona mgeni. Uso wake ukang'aa.

"Madam Estella! Afadhali umekuja! Nimekupigia simu wiki nzima. Tafadhali, waambie hawa watu watoke kwa nyumba yako."

Maombi yalikatika katikati.

Yvette alifungua macho. Alimtazama Kemunto, akamtazama dada yake, ambaye mkono wake ulikuwa bado uko juu ya kichwa chake.

"Estella ni nani?" akauliza polepole.

"Si huyu?" Kemunto akasema. "Ndiye alinipangisha. Alinionyesha vyumba vyote, akanipa ufunguo hapo hapo mlangoni."

"Huyu ni yaya wangu. Anaitwa Antoinette."

Juu, mbao zikalia zenyewe, kama zinavyofanya nyumba za zamani.

Yvette alitegemea dada yake aangue kilio, au aape, au aseme madame huyu ni kichaa. Antoinette hakufanya hata moja. Aliondoa mkono, akaketi kwenye kiti cha saluni, akarekebisha kilemba.

"Sawa," akasema. "Nilimpangisha. Sasa utafanya nini?"

"Yaya?"

"Usiniite yaya. Nani alikufundisha kushika kitana? Ulikuja hapa hujui hata kusuka mistari. Nilikuweka saluni kwangu, nikakulisha. Ukajua kazi, ukaondoka, na wateja wangu wakakufuata kama vifaranga. Sasa unataka kufungua hapa, kwa barabara kubwa, dirisha kama la hoteli! Ulitaka mimi nikufe njaa?"

"Lakini nilikuomba ruhusa! Ulisema nenda na baraka!"

"Nilisema. Ulitaka niseme nini, mbele ya kanisa lote?"

Yvette aliketi sakafuni.

"Kwa nini uliniambia nisitoke?"

"Kwa sababu nilijua mtapigana. Nilijua huyu msomi ataita polisi, na polisi akifika kitu cha kwanza anaomba karatasi. Na yako iliisha mwaka jana. Nilimpangisha kusudi akutoe. Lakini naona ni mwoga kama wewe."

Kemunto alikuwa ameivua taulo kichwani bila kujua, nywele zikimchuruzika maji.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kwa hivyo mkataba wangu nimesaini na mtu ambaye hayuko?"

"Estella alikuwa mama wa mume wangu wa kwanza. Alishakufa, Mungu amrehemu."

"Na pesa yangu?"

Antoinette alikuwa ametoa simu. Aliongea Kiingereza cha haraka, cha mtu aliyezoea nchi, na wote wawili walimsikia vizuri kabisa: watu wameingia nyumbani kwangu kwa nguvu, ndiyo, wageni, ndiyo, wananitishia, njooni upesi.

"Wewe umerogwa?" Kemunto akamfokea.

"Mkataba wa kweli uko kwa jina langu. Nyinyi wote wawili ni wavamizi. Nilitaka mmoja amle mwenzake, mmekataa. Basi mtoke pamoja."

Polisi hawakuchelewa, kwa kuwa gari lao huzunguka upande wa sokoni kutwa nzima. Waliingia wawili. Aliyeongea alikuwa sajini, mama mnene wa Kizulu, uso wa mtu aliyeamua ugomvi wa kila namna na hakuna unaomshangaza tena. Kiingereza chake nakigeuza hapa Kiswahili ili tusipotezane.

"Nani ameita?"

"Mimi, afande," Antoinette akasema kwa sauti ya upole, machozi tayari. "Nyumba ni yangu, nimeipanga mimi. Hawa wamevamia."

"Simtoi mtu nyumbani bila amri ya mahakama, mama. Hilo liende huko." Sajini alitazama kitanda, kikausha nywele, vitabu vilivyovimba kwa mvua. "Lakini nataka kujua nani ni nani. Karatasi zenu. Wote."

Antoinette alitabasamu kidogo sana. Yvette peke yake ndiye aliyeona.

Kemunto alitoa pasi yake. Halafu, badala ya kusogea pembeni, alisimama mbele ya Yvette, katikati yake na sajini. Usiite huo upendo. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa imepata mtu mwingine wa kumwendea.

"Afande, kabla ya hawa, muulize huyu mama jina lake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi alinisainia kama Estella. Kama ni Estella, mimi ni mpangaji halali na hana haki ya kunifukuza. Kama si Estella, amedanganya na amechukua pesa yangu. Mwache achague."

Sajini alimgeukia Antoinette. "Wewe ni Estella?"

Machozi ya Antoinette yalikauka yenyewe.

Sajini hakuwa na haraka. Macho yake yalizunguka chumba, yakamkuta Yvette pale sakafuni.

"Wewe. Huyu mwanamke unamjua? Anaitwa nani?"

Sasa yote yalikuwa kwenye ulimi wa Yvette. Akisema Estella, nyumba ni ya Kemunto na yeye anarudi kwenye mapazia. Akisema Antoinette, dada yake anapanda gari la polisi.

"Mdogo wangu," Antoinette alimwambia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha nyumbani, ambacho sajini hakukielewa. "Kumbuka. Siku tunakimbia, nani alikubeba mgongoni mpaka ziwani? Mama alibaki. Nani alikubeba?"

Yvette alikumbuka. Alikumbuka mgongo ule, jasho lake, na namna dada yake alivyokuwa akiimba kwa pumzi iliyokatika ili mtoto asisikie risasi. Hakuna siku aliyowahi kuusahau. Kwa ajili ya mgongo ule alikuwa amemsuka bure kila Jumamosi, akamvumilia matusi, akaomba ruhusa ya kuanza maisha yake mwenyewe kama mtu anayeomba chumvi.

Aliinuka. Alisimama wima bila kushika kitu.

"Anaitwa Antoinette," alimwambia sajini kwa Kiingereza. "Alikuwa yaya wangu."

"Alikuwa?"

"Alikuwa."

Antoinette alirudi nyuma pale kitini kama aliyepigwa kofi. Halafu, wasomaji wangu, akafanya jambo ambalo hakuna mtu chumbani aliyelitegemea. Alicheka. Alicheka mpaka kilemba kikaenda upande.

"Vizuri. Umenikana mbele ya serikali. Basi tumalize yote leo." Akageuza kichwa kuelekea jikoni. "Shemeji! Toka huko kwenye maji yako. Afande anataka kujua nani ni nani. Njoo umwambie na wewe unanijua kama nani."

Apollinaire alitokea mlangoni. Bilauri ilikuwa mkononi, imejaa vilevile. Hakuwa amekunywa hata funda moja.

"Wewe ni mume wa huyu?" sajini alimuuliza, akimwonyesha Yvette.

Apollinaire aliyatazama maji yake.

"Mwambie," Antoinette akasema. "Mwambie ile karatasi yako ya kuishi nchi hii uliipata vipi, wakati mkeo amekataliwa kila mara. Au nimwambie mimi?"

"Apollinaire?" Yvette aliita. Alimwita kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemwita mezani.

Mumewe hakumtazama. Alimtazama sajini, akasema kwa Kiingereza chake cha kuvunjika, neno moja moja, na kila neno lilieleweka:

"Kwa kanisa, mke wangu ni huyu aliyesimama. Kwa serikali, mke wangu ni huyu aliyeketi."

Yvette aligeuka. Hakumtazama mume, hakumtazama dada. Alimtazama Kemunto, adui yake wa jikoni na wa sabuni, kana kwamba ndiye peke yake aliyebaki wa kumuuliza kama amesikia vizuri.

"Umesikia vizuri," Kemunto akamwambia.